Land Rover ya zamani: irudi ilivyotoka kiwandani au iboreshwe?

Mzee wa Kizota: Wakuu, Series IIA ya kabla ya 1967 ikifufuliwa, irudi ilivyotoka kiwandani Solihull: injini ya petroli cc 2286, dinamo ya kuchaji betri, ethi ya chanya (chanya ya betri ndiyo inafungwa kwenye chasi), kichujio cha hewa cha oili? Au tutupie injini ya dizeli 1HZ ya Toyota na altaneta? Mimi nasema irudi. 1HZ ni cc 4164. Nguvu hiyo gia boksi ya Series haikuundwa kuibeba, na ekseli za nyuma zitakatika.

Chanya_Hasi: Mzee shikamoo, lakini dinamo na ethi ya chanya vya nini? Ukipunguza mwendo usiku njia ya Kondoa, taa zinafifia. Halafu tuseme ukweli: mafundi bodi wa Dodoma wanajua kupaka puti ya kuziba mabonde tu. Hilo gari la kiwandani litatoka wapi?

Fundi Bodi Majengo: Kaka, hapo kwenye puti umetukosea sana. Bodi ya Land Rover ni alumini aina ya Birmabright, haitaki ubabaishaji. Palipobonyea paka sabuni ya mche, pasha moto wa gesi polepole upande wa pili mpaka sabuni igeuke nyeusi, toa moto hapo hapo. Alumini imeshalainika, igonge kwa nyundo ya mti juu ya mfuko wa mchanga. Ukichelewa imekwisha, maana alumini haiwi nyekundu kama chuma kukuonya. Inaporomoka tu. Puti iko wapi hapo?

Chanya_Hasi: Maneno matamu. Mbona rangi zenu zinabanduka ganda zima mvua za Januari zikianza?

Dada wa Spea: Zinabanduka kwa sababu mtu kapuliza praima ya chuma. Alumini inataka praima ya asidi. Piga msasa, futa mafuta yote, kisha puliza nyepesi siku hiyo hiyo. Ukiiacha ilale, inajenga utando wa oksidi na unaanza upya. Na rangi inayovimba pembeni ya boliti si kosa la mpuliza rangi: chuma kikigusana na alumini, unyevu ukipita kati yao, alumini inaliwa na kutoa unga mweupe. Weka washa ya plastiki katikati.

Mgogo Halisi: Dada kasema kweli. Niongeze: zile kingo za chuma kilichochovywa zinki kwenye IIA nyingi ziliachwa bila rangi. Anayezipaka kijani asituambie karudisha uhalisi.

Chanya_Hasi: Nimeuliza dinamo, mnanijibu kingo!

Mzee wa Kizota: Mwanangu, jibu lako hili. Ukitaka ethi ya hasi, dinamo ibaki. Geuza nyaya za betri. Chomoa nyaya za dinamo, kisha gusisha waya wa chanya ya betri kwenye F (ncha ya dinamo yenye herufi hiyo) mara mbili tatu, sekunde tu. Rudisha nyaya, geuza za koili na za ampea mita. Usipofanya hivyo dinamo inachaji kinyume na pointi za regyuleta, kidhibiti chaji, zinaungua.

Chanya_Hasi: Kwa hiyo ethi umebadilisha. Uhalisi umeuacha mwenyewe, mzee.

Mgogo Halisi: Hujaguswa na uhalisi wewe, umeguswa na majibu ya Majengo. Omba radhi kwanza kwa lile la puti.

Chanya_Hasi: Siombi. Nioneshe bawa la mbele (madigadi) lisilo na puti mji huu.

Fundi Bodi Majengo: Usilete sumaku. Haishiki popote kwenye alumini, kwa hiyo utakosea kupima puti. Gonga kwa ukucha: alumini inalia wazi, puti inatoa sauti butu. Ukimaliza bawa, piga magoti uangalie chasi, hasa mwamba wa nyuma, na sakafu ya miguuni, ndicho chuma kinachooza. Za Dodoma zinastahimili kwa hewa kavu. Iliyotoka Tanga, igonge kwa nyundo ndogo kabla hujalipa.

Dada wa Spea: Kichujio cha hewa cha oili nani atakisemea? Vumbi hili, oili ikishuka chini ya alama linapita. Ikizidi, injini inaivuta.

Chanya_Hasi: Basi hapo nakubali. Badilisheni kiwe cha karatasi.

Mgogo Halisi: Hapana.