Nyumba ya urithi Leicester: wasii aiuze, tugawiwe kwanza, au tuipangishe?

NduguWaJinja
Asalaam aleikum, habari zenu. Shangazi yetu amefariki Leicester, ametuachia nyumba kwa wosia, sisi ndugu watatu tulioko Uganda. Solisita (mwanasheria) wa huko anataka jibu wiki ijayo: wasii, yaani msimamizi wa wosia, aiuze atutumie pesa, au iandikwe majina yetu tuuze wenyewe, au tubaki nayo tuipangishe. Tunatafuta njia yenye kodi ndogo, ya huko na ya URA, mamlaka ya kodi ya Uganda. Ipi bora?

KodiMkononi
Poleni kwa msiba. Kwa maelezo haya hatuwezi kukujibu. Alifariki lini? Nyumba ilithaminiwa kiasi gani siku aliyofariki, na wanunuzi sasa wanatoa ngapi? Alikuwa na mali nyingine? Watoto? Kodi ya urithi imelipwa au bado?

MtotoWaBombo
Uzeni, pesa zije nyumbani mnunue kiwanja. Ukiipangisha ukiwa Uganda, wakala hukata asilimia 20 ya pango na kuipeleka HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza. Kama hakuna wakala, mpangaji mwenyewe ndiye anayekata ikiwa analipa zaidi ya pauni 100 kwa wiki. Kukwepa hilo mnajaza fomu NRL1, kila mmoja yake, na hata mkikubaliwa ritani (taarifa ya mapato) ya kila mwaka iko palepale. Bado hujafika kwenye paa linalovuja na bima.

BiArua
Kaka wa Bombo, kwa heshima sikubaliani nawe. Pango ni riziki ya kila mwezi, kiwanja kinakaa tu. Ila ndugu wa Jinja ajue kwamba anayeishi Uganda hutozwa kwa mapato ya dunia nzima. Pango la Leicester linaingia kwenye ritani ya URA: mwaka unaisha 30 Juni, ritani mwisho 31 Desemba. Kodi iliyolipwa Uingereza inapunguzwa kwenye ya hapa, maana nchi hizi mbili zina mkataba wa kutotoza mara mbili, lakini bila hati ya malipo kutoka huko hupunguziwi kitu.
Urithi wenyewe hautozwi hapa. Sheria ya Kodi ya Mapato imeuweka kwenye mapato yaliyosamehewa. Kinachotozwa ni kile urithi unachozaa: riba ya benki inakatwa asilimia 15, na pango kama nilivyosema.

NduguWaJinja
Asanteni. Amefariki Machi mwaka huu. Thamani ya siku ile pauni 410,000, ofa iliyopo 428,000. Akiba yake ilimalizwa na mazishi na madeni. Hakuzaa. Solisita ametaja kodi ya urithi pauni 34,000, haijalipwa.

KodiMkononi
Sasa tunaongea. Hizo 34,000 zinatoka hapa: pauni 325,000 za kwanza hazitozwi, zinabaki 85,000, mara asilimia 40. Nyongeza ya 175,000 kwa nyumba ya kuishi hampati, maana ni ya mtoto, mjukuu na wazao wao, si ya mtoto wa kaka. Kodi hiyo inalipwa na mirathi kabla hamjagusa chochote. Kwa kifo cha Machi mwisho ni 30 Septemba, baada ya hapo riba inatembea. Kwa nyumba mnaweza kuomba mafungu kumi ya kila mwaka, lakini mkiuza, salio lote linadaiwa papo hapo.

Kuhusu nani auze, yote yanategemea bei imepanda au imeshuka tangu siku ya kifo.

Yenu imepanda 18,000. Tuseme dalali na solisita wanakula 7,000, faida ni 11,000, na faida ya mauzo ina kodi yake, mbali na ile ya urithi. Wasii akiuza, ana msamaha mmoja wa 3,000, zinabaki 8,000 kwa asilimia 24, ni pauni 1,920. Mkigawiwa kwanza, kila mmoja ana faida ya 3,667 na msamaha wake mwenyewe wa 3,000. Zinabaki 667 kwa asilimia 18 kama hamna mapato mengine Uingereza, kama pauni 120 kwa mtu. Wote watatu 360. Lakini ugawaji lazima uandikwe kabla ya kutia saini mkataba wa mauzo. Ukiandikwa baadaye, muuzaji ni wasii tu. Na kwa kuwa mnaishi nje, kila mmoja anatoa taarifa HMRC ndani ya siku 60 tangu mauzo kukamilika, hata kama hadaiwi senti. Ukichelewa, faini inaanza pauni 100.

Bei ikishuka mambo yanageuka. Tuseme mnapata 385,000 tu. Wasii akiuza ndani ya miaka minne kwa mtu asiye jamaa, anajaza fomu IHT38 na kodi ya urithi inapigwa upya kwa bei ya mauzo: 25,000 mara asilimia 40, mirathi inarudishiwa 10,000. Mkiwa mmeshagawiwa nyumba, haki hiyo mmeipoteza.

BiArua
Kama shangazi aliwalea tangu wadogo, hawahesabiwi watoto wake? Kwetu huyo ni mama.

KodiMkononi
Kwetu ndiyo, dada. Huko wanahesabu mtoto wa kuasiliwa kisheria, wa kambo, au aliyewekwa chini ya ulezi rasmi. Kulelewa kwa mapenzi bila karatasi hakuhesabiwi, na inauma.

MwanasheriaWaPembeni
Mnabishana juu ya pauni 1,500 na hakuna aliyeuliza habari ya mume. Shangazi alikuwa mjane?

NduguWaJinja
Ndiyo mzee. Mume alifia Jinja 1989, hakuwahi kuishi Uingereza. Shangazi alihamia baadaye.

MwanasheriaWaPembeni
Basi usikubali 34,000 bado. Mjane hurithi msamaha ambao mumewe hakuutumia, hata kama mume alifia ng'ambo na hakuwa na mali Uingereza. Mali yake ya Uganda haihesabiki huko, kwa hiyo msamaha wake uko mzima: 325,000 mara mbili ni 650,000. Nyumba ya 410,000 inaingia yote, kodi inakuwa sifuri. Wasii anadai kwa fomu IHT402 pamoja na IHT400, ile fomu kuu ya kodi ya urithi, ndani ya miaka miwili kuanzia mwisho wa mwezi aliofariki shangazi. Mnatakiwa kuwa na cheti cha ndoa, cheti cha kifo cha mume, na wosia wake kama aliuacha.

Kodi ya urithi ikiwa sifuri, habari ya IHT38 inakufa, hakuna cha kurudishiwa. Na HMRC hawatakuwa wameikagua ile 410,000, wanaweza kuihoji mkiuza. Tunzeni ripoti ya mthamini.

Jambo la mwisho, pesa zikija. Kosa ninalolikuta kwenye mafaili mara nyingi ni familia kutuma zote kwa ndugu mmoja kwa sababu yeye ndiye mwenye akaunti ya pauni. Benki inazishika na kuuliza chanzo. Anapeleka wosia, jina lake ni Mariamu, pasipoti inasema Mariam. Herufi moja, wiki zinapita mpaka ale kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Zikiachiwa anatoa taslimu kuwagawia wenzake, na taslimu inayozidi shilingi milioni 20 benki inairipoti. Miaka miwili baadaye mkaguzi wa kodi anaona pesa nyingi kwenye akaunti ya mtu mmoja, na fungu lake kwenye wosia ni theluthi. Hana risiti hata moja ya waliopokea. Solisita atume mafungu matatu kwa akaunti tatu, kila mmoja abaki na nakala ya hati ya mirathi na hesabu ya mwisho.

MtotoWaBombo
Mzee, na kama huyo mume aliacha kiwanja Jinja kikaandikwa jina la shangazi?

MwanasheriaWaPembeni
Hati ya mirathi ya Uingereza haigusi ardhi ya hapa mpaka ipigwe muhuri upya na Mahakama Kuu yetu. Hilo ni faili jingine, fungua uzi wake.

NduguWaJinja
Kiwanja kipo kweli, nitauliza kando. Shida yangu ni hii: cheti cha kifo cha mume hatuna. Alizikwa siku ileile, hakuna aliyekwenda kuandikisha. Ndoa ilifungwa msikitini.

BiArua
Kifo cha zamani kinaandikishwa NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili wa watu, hata leo. Nenda na barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji) na mashahidi wa mazishi wangali hai. Ndoa, anza na daftari la msikiti uliowafungisha, kisha URSB, ofisi ya serikali ya usajili.

KodiMkononi
Na leo mwandikie solisita asimamishe IHT400 mpaka karatasi zipatikane. Lakini 30 Septemba haisubiri. Wasii anaweza kulipa kwanza na kudai marejesho ndani ya ile miaka miwili.

MtotoWaBombo
Alipe kwa pesa gani, na akiba imekwisha?

NduguWaJinja
Ndilo swali nililonalo pia. Imamu wa zamani yuko Bugembe, nampigia jioni hii.