Je, ni lazima kushiriki utafiti wa mhadhiri wangu?

Muulizaji, Mtwara mjini: Habari zenu ndugu. Ninasoma ualimu mwaka wa pili, na mhadhiri wetu wa saikolojia anatafuta wanafunzi wa kulinganisha urefu wa mistari miwili kwenye kompyuta, kisha kukariri silabi zisizo na maana. Nikikataa, je, anaweza kunipunguzia alama?

Mwalimu, Masasi: Ndugu yangu, ushiriki ni wa hiari. Unapaswa kupewa fomu ya ridhaa inayoeleza utafanya nini, kwa muda gani na majibu yako yatahifadhiwaje, nawe una haki ya kujitoa hata katikati ya jaribio bila kuadhibiwa. Kwa kuwa yeye ndiye anayekusahihishia mitihani, ingefaa mtu mwingine aandikishe washiriki. Vyuo vingi vya Marekani hutoa alama za nyongeza, lakini asiyetaka hupewa kazi mbadala.

Mdau, Lindi: Naafikiana na mwalimu, ila mimi ningekwenda. Silabi za namna hiyo alizitumia Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani aliyetafiti kumbukumbu, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1885 baada ya kujipima mwenyewe peke yake. Kuhusu mistari, mwanasaikolojia Mmarekani Marshall Segall na wenzake walionyesha mwaka 1966 kwamba michoro ya mistari yenye urefu sawa inayoonekana kutofautiana, inayowadanganya sana Wamarekani, iliwadanganya kidogo tu watu wa baadhi ya jamii za Afrika, kwa hiyo macho ya Mtwara yana thamani yake. Usisome zaidi kabla ya jaribio, utaharibu majibu.

Muulizaji: Ahsanteni. Kesho nitaiomba fomu kwanza.