Ukoo wa Nkuhungu 🏠

Shangazi Tabu, 06:12
Mbukwenyi ukoo. Jumamosi saa 3 asubuhi watoto wote wa miaka 13 hadi 19 wawe kwangu Ipagala. Kila mmoja na sembe kilo 3, ndo uzito wa kichanga. Analala nayo, anaenda nayo chooni, hadi Jumapili jioni. Saa 8 usiku napiga simu, mtu aamke "anyonyeshe". Naomba majina

Shangazi Tabu, 09:40
Mmesoma watu 11. Majina??

Mama Dori, 10:05
Wifi, saa 8 tu umewahurumia. Kichanga ananyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Piga saa 5, saa 8, saa 11. Na kliniki waambie: wiki ya 6, ya 10, ya 14. Kadi isipotee

Baba Joshua, 10:31
Wa kiume hawahusiki lakini

Shangazi Tabu, 10:32
Joshua ndo namba moja kwenye orodha kaka

Anko Mose, 10:33
Joshua apewe kiroba cha 25 😂

Dani, 10:33
Mapacha 😂😂

Shangazi Tabu, 10:36
Nauli ya wa Mpwapwa nani anatoa?

Anko Mose, 10:37
Dona inaruhusiwa? Wangu nataka mwenye afya

Dani, 10:37
😂😂😂

Neema, 13:18
Shikamooni. Shangazi, nimeambiwa nimepangwa kutoa ushuhuda. Upi? Wa kulala stoo na mtoto wa wiki mbili? Au wa maandazi Sabasaba, maziwa yamelowesha blauzi na wateja wanacheka? 2017 nilikuwa kidato cha pili. Ruhusa ya kurudi shule ikatoka Novemba 2021. Humu ndani nani alinipigia kuniambia?

Shangazi Tabu, 13:25
Mwanangu njoo inbox

Neema, 13:26
Hata 2017 mliniita pembeni

Anko Mose, 13:27
_Ujumbe huu umefutwa_

Mama Dori, 16:50
Niko kwa Bibi. Nimemsomea yote. Anasema niandike anavyosema, nisipunguze:
"Mbukwenyi wanangu. Sembe haipati homa usiku. Baba Joshua, mlango ule uliufunga wewe. Mimi nilikuwa jikoni, nasikia, nikaendelea kusonga ugali. Hiyo sembe yote nitanunua mimi. Neema asiambiwe aseme wala asiseme."

Baba Joshua, 19:44
Shikamoo mama. Joshua atakuja

Neema, 20:10
Shikamoo yangu mpeni Bibi. Jumamosi ni siku ya mauzo, nitaangalia. Nikija nakuja na mwanangu Imani

Shangazi Tabu, 20:15
Basi nina majina matatu. Mpwapwa bado nauli. Mose umeuliza dona, hujataja mtoto

Anko Mose, 20:16
Nacheki na mama yao

Baba Mdogo Kongwa, 22:58
Ndo nashika simu. Meseji zote hizi, kuna msiba?