Mdimu unaungua ncha za majani na hoho zimedumaa, niko Kigamboni: naombeni ushauri

Binti wa Lushoto

Habari za humu wapendwa. Naombeni msaada kabla sijapoteza kila nilichopanda.

Nimezaliwa na kukulia Lushoto. Bustani ya nyumbani ilikuwa ya mama, na mimi nilikuwa namfuata nyuma na kopo la maji tangu sijaanza shule. Mwaka jana tumehamia Kigamboni, kiwanja chetu wenyewe, na nyuma ya nyumba pamebaki kama hatua kumi na tano kwa nane. Ardhi ni mchanga. Mwezi wa kumi, vuli ilipokaribia, nikapanda mdimu mmoja wa kubebeshwa (ulioungwa juu ya shina la mti mwingine) niliotoka nao Muheza, hoho kumi na mbili kwenye ndoo za lita 20, tuta moja la nyanya, mchicha, matembele, na mnanaa pale karibu na jiko.

Hadi Desemba kila kitu kilikuwa kinapendeza. Januari mvua zikakata, nikaanza kumwagilia maji ya kisima asubuhi na jioni. Wiki ya tatu tu mdimu ukaanza kuungua majani. Si njano ya jani zima. Ni ncha na kingo zinakuwa kahawia, zinakauka kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto, katikati jani bado ni kijani. Yameanza majani ya chini, sasa yanapanda juu. Hoho hazikui kabisa, na mchana zinalegea wakati udongo nimeushika una maji. Nyanya zinatoa maua yanadondoka, na chache zilizoshika zinaoza kitako.

Nimeweka samadi ya kuku mara mbili na majivu ya jikoni kila Jumamosi, kama mama alivyokuwa anafanya. Hali inazidi kuwa mbaya. Ule mdimu nauthamini sana, mama ndiye aliyenichagulia mche siku tunaondoka. Nisaidieni.

Kaka Shamba

Pole dada. Hiyo ni njaa, mchanga hauna chakula. Weka urea kijiko kimoja cha chai kwa kila ndoo, kisha mwagilia sana. Ndani ya wiki mbili utaona tofauti.

Mzee wa Mboji

Binti, pole sana. Usiweke urea kwanza. Kaka Shamba, nakuheshimu, lakini mmea wenye njaa ya naitrojeni hugeuka njano jani zima, kuanzia majani ya chini, na hauungui kingo. Tena mmea unaolegea na huku udongo umelowa, hilo ni tatizo la mizizi kushindwa kunywa.

Nijibu mambo manne. Maji ya kisima ukiyaonja yakoje? Juu ya udongo wa ndoo kuna ukoko mweupe? Samadi ya kuku uliiweka mbichi au iliyolala? Na chini ya majani kuna utando kama wa buibui? Chukua karatasi nyeupe, gonga jani juu yake. Vikidondoka vidoa vidogo vinavyotembea, huo ni utitiri, nao pia hukausha majani kiangazi.

Binti wa Lushoto

Shikamoo mzee, na ahsante kwa kunijibu haraka.

Karatasi nimegonga majani sita, hakuna kinachotembea. Maji ya kisima yana ladha nzito, chai haipikiki kwayo, tunafulia na kumwagilia tu. Samadi niliipata kwa jirani anayefuga kuku wa mayai, niliiweka siku ileile nilipoletewa, bado ilikuwa inanuka. Na ukoko upo! Nilidhani ni majivu yangu. Upo kwenye udongo wa ndoo zote, na hata chini kwenye matobo maji yanapotokea kuna mstari mweupe umekaukia.

Mzee wa Mboji

Marahaba binti. Basi ni chumvi, na imeingia kwa milango mitatu.

Wa kwanza ni kisima. Visima vingi vya ukanda wetu huu vina chumvi, na kiangazi huzidi kwa sababu hakuna mvua ya kuizimua. Ukimwagilia, maji yanapanda hewani, chumvi inabaki. Kesho unaongeza nyingine. Kwenye ndoo ni vibaya zaidi maana haina pa kwenda.

Wa pili ni samadi ya kuku. Ni mbolea nzuri kuliko ya ng'ombe kwa nguvu, lakini ikiwa mbichi ni kali na yenyewe ina chumvi. Ilaze miezi miwili au mitatu, uigeuze, hadi iache kunuka na isipate joto tena.

Wa tatu ni majivu, na hapa nataka unielewe vizuri kwa sababu mama yako hakukosea. Udongo wa milima ya Usambara una asidi, mvua nyingi zimeuosha. Majivu yanapunguza asidi ile, mboga zinashukuru. Huku pwani tumekaa juu ya mawe ya matumbawe na mchanga wake. Udongo na maji ya sehemu nyingi tayari vimeelemea upande wa pili. Majivu yaleyale huku yanaongeza mzigo. Acha kabisa.

Ile hali ya nyanya kuoza kitako nayo inaingia humuhumu. Ni upungufu wa kalsiamu kwenye tunda, na mara nyingi kalsiamu ipo ila mmea haufikii kuivuta, kwa sababu ya chumvi au kumwagilia leo sana kesho kidogo.

Kabla hujafanya lolote kubwa fanya jaribio hili. Chukua vikombe viwili vya plastiki, toboa chini, weka mchanga uleule. Panda maharage kumi kila kimoja. Kimoja mwagilia maji ya kisima, kingine maji ya kunywa. Maharage hayavumilii chumvi hata kidogo, yatakuambia ukweli ndani ya siku kumi.

Kaka Shamba

Mzee nimekuelewa, naondoa la urea. Sikuwaza chumvi.

Dada Afisa Ugani

Naongezea kidogo kuhusu kupima. Wauza maji ya kunywa wengi wana kile kipimo kidogo cha chumvi ya maji, kama kalamu, unakichovya kinasoma. Omba akupimie. Kama kinasoma kwa mikrosimensi, chini ya 700 mwagilia chochote. Kati ya 700 na 3,000 chagua mimea na utumie mbinu. Kupita 3,000 ni taabu kwa mboga nyingi. Ukitaka majibu ya kina, maabara ya udongo ya chuo kikuu cha kilimo SUA, Morogoro, na taasisi ya utafiti wa kilimo TARI Mlingano kule Tanga wanapima.

Na maua ya nyanya kudondoka, usiilaumu chumvi peke yake. Nyanya haipendi usiku wa joto. Januari na Februari Dar usiku unakaa kwenye nyuzi 25 hivi, chavua inaharibika, ua linadondoka. Wengi wetu tunapanda nyanya ili zitoe maua kipupwe, Juni hadi Agosti. Usisumbuke nazo sasa, ng'oa.

Mtende wa Muscat

Salaam kutoka Oman. Nimesoma nikasikitika maana huku tumeyaona makubwa zaidi. Pwani ya Batina watu walivuta maji ya visima kwa pampu miaka mingi, bahari ikaingia chini kwa chini. Mashamba ya miembe na midimu yakatangulia kukauka, mitende ndiyo iliyosimama. Dada yangu, mdimu ni katika miti isiyovumilia chumvi, basi maji matamu machache uliyonayo upe mdimu kwanza. Na kisima usikikamue. Vuta kidogo kidogo, pumzisha, usivute mpaka pampu ianze kukoroma. Maji ya chumvi yako chini, ukivuta kwa nguvu yanapanda.

Binti wa Lushoto

Wapendwa, nimerudi na majibu.

Kikombe cha maji ya kunywa yameota maharage tisa kati ya kumi. Cha kisima yameota manne, tena yalichelewa siku tatu, na majani mawili ya kwanza yamefunguka tayari yana kingo za kahawia. Nimeviweka dirishani vyote viwili, nimevitazama muda mrefu. Ni rangi ileile ya mdimu wangu.

Jirani muuza maji amenipimia, kisima kinasoma 2,400. Ya bomba ni 480, lakini bomba kwetu linatoka siku mbili kwa wiki.

Sasa nifanyeje hatua kwa hatua? Na mdimu utapona kweli?

Mzee wa Mboji

Utapona kama chipukizi la juu bado ni bichi. Kwangua gome la kijitawi kwa ukucha, ukiona kijani chini yake, upo.

Mchanga wa Kigamboni watu wanaulalamikia, lakini kwenye hili ni baraka, unaosheka upesi. Siku ya bomba, chukua maji yake uoshe ndoo moja moja. Ndoo ya lita 20 imimine lita 40, taratibu, kopo kwa kopo, kwa muda wa saa nzima, yatoke chini yote. Matobo yawe matano au sita na ndoo ikae juu ya mawe mawili, isikae kwenye maji yake iliyoyatoa. Kabla ya kumimina, ukwangue ule ukoko wa juu uutupe mbali, usiutupe bustanini.

Mdimu uchimbie beseni pana, mwisho wa beseni ni pale kivuli cha matawi kinapoishia, lakini shina lenyewe libaki juu kwenye kichuguu kavu. Mimina maji ya bomba mara tatu kwa siku tofauti. Majani yaliyoungua usiyavue, sehemu ya kijani bado inaulisha mti. Angalia pia chini ya kibebesho. Machipukizi yakitoka hapo, yenye majani na miiba tofauti na ya juu, kata mara moja, maana mti uliodhoofika juu hukimbilia kukuza shina la chini, na siku moja utajikuta huna ndimu.

Baada ya kuosha, maji ya kisima yatumie kwa vinavyovumilia. Wakati wa kumwagilia elekeza kwenye udongo, usinyeshee majani. Mwagilia mara chache kwa wingi, si kidogo kidogo kila siku, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi.

Dada Afisa Ugani

Vinavyovumilia kwa kipimo chako cha 2,400: bitiruti, spinachi na mchicha vinakwenda. Mkomamanga unapenda hali ngumu. Mnazi usiseme. Maharage, karoti na vitunguu achana navyo. Hoho ni dhaifu, zipe maji ya bomba.

Na vuna mvua, masika imekaribia. Bati lenye mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 10 linakupa lita 600, hata ukitoa zinazopotea, 500 unazo. Mvua nne za hivyo zinajaza simtanki la lita 2,000. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe vumbi na mavi ya ndege, ndipo ugeuze bomba liingie tangini.

Mjambiani

Mimi niko Unguja, kwetu hata chumvi ya hewani tu inatosha kuunguza majani. Tandaza udongo wako usiachwe wazi kwenye jua, ndiyo dawa kubwa. Tumia majani makavu au pumba za mpunga, unene wa vidole vinne, usiguse shina.

Makumbi ya nazi ni mazuri mno, yanashika maji, lakini tahadhari. Makumbi yenyewe yana chumvi. Na huku Jambiani kina mama wanayafukia ufukweni miezi mingi ili wapate nyuzi za kusokota kamba, hayo yaliyotoka baharini usiyatie bustanini hata upewe bure. Chukua yaliyofuliwa nazi sokoni, yapondeponde, yaloweke kwenye maji matamu, badilisha maji kila siku mbili.

Binti wa Lushoto

Ni wiki ya pili ya Aprili, nimeona nirudi kuwaambia.

Niliosha kila kitu kwa siku nne za bomba. Nilipokuwa namimina, maji ya kwanza kutoka chini ya ndoo yalisoma 6,100 kwenye kile kipimo, nikaomba nipimiwe mara ya pili sikuamini. Mpaka kopo la mwisho yalikuwa yameshuka hadi 900. Hoho saba kati ya kumi na mbili zimepona, tano nimezing'oa, mizizi yake ilikuwa ya kahawia tupu. Nyanya nimeng'oa nitapanda Mei. Tuta lake sasa lina bitiruti na mchicha kwa maji ya kisima, na mchicha tumeshakula mara mbili.

Mdimu niliukwangua, kijani ilikuwepo. Machipukizi mawili chini ya kibebesho nimeyakata. Mvua za masika zilipoanza mwishoni mwa Machi ukakaa kimya kama siku kumi, kisha Jumanne asubuhi nikakuta kwenye tawi la upande wa jikoni vijani vitano, laini, vya rangi ya shaba iliyoelekea kijani, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wangu. Nimekiponda kimoja vidoleni, harufu ya ndimu ikanijaa. Nikampigia mama simu palepale. Amesema masika yakiisha anakuja kuuona mwenyewe.

Mjambiani, swali moja. Makumbi yangu yako kwenye pipa siku ya nane, nimebadilisha maji mara nne, bado yanatoka rangi ya chai. Niendelee?

Mjambiani

Rangi isikutie hofu, hiyo ni ya kumbi lenyewe na haidhuru mmea. Kipimo ndicho cha kufuata. Ukimimina maji ya mvua na yakatoka yakisoma karibu sawa na yalivyoingia, toa makumbi, yakamue, yatandaze. Anza na mdimu.