Mpigaji besi wa roki: ufundi wa vidole au wingi wa mauzo?

Besi ya Langoni (Lamu) ameandika:

Assalamu alaikum ndugu zangu na dada zangu. Mtoto wa dada yangu anapiga besi, lile gitaa la sauti nzito, katika bendi ya hoteli moja huko Malindi, ambako kila jioni wageni huomba nyimbo zilezile tatu, na sasa ameingiwa na mapenzi ya muziki wa roki. Juzi alikuja Lamu kwa ajili ya harusi, akanikalisha barazani, akanitaka nimchagulie mpigaji mmoja wa kumsoma kwa mwaka mzima. Alikuja na majina mawili, John Entwistle wa bendi ya The Who na Adam Clayton wa bendi ya U2, na swali lake lilikuwa wazi: amfuate mwenye vidole au mwenye mauzo?

Entwistle hahitaji kutetewa. Alianza utotoni kwa piano na tarumbeta, akaingia kwenye besi akiwa tayari anausoma muziki, na mwaka 1965, katika wimbo wa My Generation, besi yake iliachiwa uwanja ijibizane na bendi nzima, jambo ambalo siku zile halikuwa la kawaida katika wimbo wa roki uliokusudiwa kuuzwa madukani. Clayton ni kinyume chake. Katika With or Without You ya mwaka 1987 anazunguka juu ya noti nne kwa mpangilio uleule, karibu tangu mwanzo hadi mwisho. Wimbo huo ukashika nafasi ya kwanza Marekani, na albamu iliyoubeba ikauza zaidi ya nakala milioni 25 duniani.

Nilitaka kumjibu kijana kwa methali, kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza, lakini ulimi ukasita. Naomba tupime pamoja.

Fundi Spika (Malindi) ameandika:

Wa alaikum salaam, kaka. Ulimi wako ulisita kwa haki, kwa sababu methali hiyo ilitungiwa bidhaa za sokoni, na besi haiuzwi peke yake.

Mimi hutengeneza spika na amplifaya za bendi za hoteli, kwa hiyo nimekaa miaka mingi pembeni mwa jukwaa nikiwatazama wasikilizaji badala ya wapigaji. Ninavyoona, macho huenda kwa mwimbaji, kisha kwa gitaa la solo, kisha kwa ngoma. Ukitaka ushahidi wa dunia, watazame Sex Pistols, bendi ya roki ya Uingereza. Mwaka 1977 walimwondoa Glen Matlock, ambaye alijua kupiga na kutunga, wakamweka Sid Vicious, ambaye besi ilimshinda kiasi kwamba sehemu kubwa ya besi katika albamu yao ilipigwa na Steve Jones, yule mpiga gitaa. Hata hivyo sura iliyobaki katika fulana hadi leo, zikiwemo zile za mitumba zinazopita hapa kwetu, ni ya Sid, wala si ya Matlock.

Kuna kisa kingine kinachomhusu huyo Clayton wenu. Mwaka 1993 mjini Sydney alishindwa kupanda jukwaani usiku mmoja, na fundi wake wa magitaa ndiye aliyeishika besi mbele ya uwanja uliojaa. Onyesho likaendelea. Nami kama fundi nakiri kwamba kisa hicho kinanifurahisha kuliko inavyostahili.

Kisha kuna Metallica, bendi ya roki nzito ya Marekani. Katika albamu yao ya mwaka 1988 besi ya Jason Newsted ilishushwa sauti hata msikilizaji wa kawaida anaweza kudhani kwamba haimo kabisa, na bado albamu hiyo iliuza zaidi ya nakala milioni 8 Marekani pekee. Ikiwa albamu inaweza kuuzwa hivyo besi ikiwa haisikiki, ni vigumu kumwambia kijana kwamba vidole vyake ndivyo vitakavyomtajirisha.

Mwalimu wa Noti (Malindi) ameandika:

Ndugu Fundi, nakuheshimu, lakini hoja yako imevuka mipaka. Kwamba fundi aliweza kumshikia Clayton nafasi usiku mmoja hakuthibitishi kwamba kazi ile ni rahisi. Fundi yule alikuwa amezisikia nyimbo hizo kila usiku, na zilikuwa zimekwisha kutungwa. Kuifuata njia iliyokwisha kufyekwa si sawa na kuifyeka.

Nawafundisha vijana wachache nyumbani, na zoezi ninalowapa wote ni hizo noti nne. Nawasha kipima mapigo, nawaambia wapige noti nane kwa kila mzunguko, zote sawa kwa nguvu na kwa urefu, kwa muda wa dakika tano. Dakika ya kwanza wanacheka. Dakika ya pili kidole cha shahada huanza kugonga kwa nguvu kuliko cha kati, na ukifumba macho unasikia mdundo unachechemea kama punda mwenye kwato mbovu. Kufikia dakika ya tatu wanaharakisha, kwa kuwa akili imechoka kusubiri na mkono unajitafutia la kufanya. Katika miaka yangu yote ya kufundisha, wawili tu ndio waliofika dakika ya tano bila kuyumba, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na vidole vya haraka.

Kwa hiyo ufundi uko wa aina zaidi ya moja, na kaka wa Langoni ameupima kwa wingi wa noti peke yake. Mchukueni Paul McCartney wa bendi ya Beatles. Aliishika besi mwaka 1961 kwa kuwa Stuart Sutcliffe alikuwa anajitoa katika bendi ili arudi kwenye uchoraji, na wenzake hawakuitaka kazi hiyo. Hakuichagua kwa mapenzi. Lakini sikilizeni wimbo wao wa Something wa mwaka 1969: besi inaimba chini ya mwimbaji, inapanda pale yeye anaposhuka, na haimkanyagi hata mara moja. Hapo mauzo na ufundi vimekaa katika mtu mmoja, na huwezi kusema ni vidole tu vilivyofanya kazi. Ni sikio.

Binti Shela (Lamu) ameandika:

Naomba niingilie kati kwa upande ambao wanaume wenzangu wa ukumbi mmeupita mbio, nao ni wa daftari la hesabu, kwa kuwa mimi ndiye ninayeweka hesabu za kikundi chetu cha taarabu.

Nendeni katika harusi yoyote hapa kisiwani, mtazame fedha zinavyotembea. Mama anainuka na noti yake, anacheza taratibu hadi mbele, anamtunza mwimbaji, na mara nyingine anamgusa mpiga udi ambaye jina lake analijua. Mpiga besi amekaa nyuma karibu na spika, jasho linamtiririka, na hakuna anayefika kule. Mpiga besi wetu ndiye fundi kuliko sote, nasema bila kificho, na katika daftari langu mgao wake ndio mdogo kila mara, kwa sababu mapatano yetu yanaanzia kwa anayeonekana. Wazungu nao wana hayo hayo, tofauti ni kwamba kwao yameandikwa katika mikataba.

Fedha ya wimbo wa roki haigawanywi kwa anayepiga vizuri. Inakwenda kwanza kwa aliyesajiliwa kuwa mtunzi, ambaye hupata mirabaha kila wimbo unapouzwa au kurushwa redioni, na kwa wenye hisa katika bendi. U2 waliamua tangu zamani kuandika muziki wao kwa jina la bendi nzima, kwa hiyo Clayton ni mtunzi mbele ya sheria sawa na mpiga gitaa. Katika The Who, mtunzi mkuu alikuwa mpiga gitaa wao, Pete Townshend, na Entwistle aliingiza nyimbo chache tu. Ukitaka kujua kwa nini mmoja alipata fungu nono na mwingine hakulipata, tazama jina lililoandikwa katika mabano chini ya wimbo kabla hujatazama vidole.

Wapo wawili ambao ningewaweka katika mizani badala ya hao wenu. Bill Wyman alikuwa mpiga besi na mwanachama wa bendi ya Rolling Stones hadi alipoondoka mwaka 1993. Aliyechukua kazi yake ni Darryl Jones, kijana wa Chicago aliyewahi kupiga na Miles Davis, mpiga tarumbeta mkubwa wa jazi, na kwa elimu ya muziki sidhani kama kuna anayethubutu kumweka chini ya Wyman. Tangu mwaka 1994 yumo katika albamu na ziara zao, lakini ni wa kuajiriwa, hakuwahi kufanywa mwanachama. Miaka yote hiyo, jukwaa lilelile, nyimbo zilezile, na bado si mwenye nyumba.

Na kabla ya huyo kulikuwa na James Jamerson wa Detroit. Hakuwa mpigaji wa roki, lakini McCartney mwenyewe amemtaja kuwa ni mtu aliyejifunza kwake. Alipiga katika nyimbo za Motown, kampuni ya santuri ya huko Detroit, zilizoshika nafasi za juu moja baada ya nyingine, kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, na kwa miaka mingi jina lake halikuandikwa kwenye majalada ya santuri, hadi albamu ya mwimbaji Marvin Gaye ya mwaka 1971 ilipomtaja. Alifariki mwaka 1983 akiwa na miaka 47, na jumba la heshima la Rock and Roll likamwingiza mwaka 2000. Heshima ile ilifika, lakini ilimkuta hayupo.

Mwana wa Mkunguni (Lamu) ameandika:

Dada yangu wa Shela amesema kweli, ila amewasahau waliojenga nyumba yao wenyewe. Geddy Lee wa Rush alikuwa anapiga besi ngumu, anaimba, anagusa kinanda kwa mikono na vibao vya sauti kwa miguu, na bendi yao ya watu watatu kutoka Kanada ilijaza viwanja kwa miongo kadhaa. Les Claypool alikwenda kujaribiwa na Metallica mwaka 1986, baada ya mpiga besi wao Cliff Burton kufariki katika ajali ya basi huko Sweden, wasimchukue. Akarudi kwenye bendi yake ya Primus, ambamo besi ndiyo inayoshika usukani, na mwaka 1993 albamu yao ikaingia nafasi ya saba Marekani. Chombo kikiwa chako, unapandisha tanga utakalo.

Mwalimu wa Noti ameandika:

Nakubali kwa Geddy Lee. Kwa Claypool nakubali nusu, kwa kuwa nafasi ya saba mara moja si sawa na milioni 25.

Ningemwongeza Flea, mpiga besi wa bendi ya Red Hot Chili Peppers, kwa sababu kwake safari yote inaonekana ndani ya mtu mmoja. Albamu zao za mwanzo zimejaa kugonga na kuvuta nyuzi kwa kasi. Ilipofika ile ya mwaka 1991 alipunguza makusudi, akaacha nafasi baina ya noti, na ndiyo iliyowafikisha kwa watu wengi. Mtu asije akasema kwamba aliuacha ufundi ili auze: mwaka 2001 alishiriki kuanzisha shule ya muziki Los Angeles, na mwaka 2008, akiwa ameshatajirika, alijiandikisha chuo kikuu kusomea nadharia ya muziki. Na kwa hoja yako, dada yangu wa Shela, bendi yao nayo huandika majina ya wanachama wote kuwa watunzi.

Binti Shela ameandika:

Ahsante, Mwalimu. Basi tumefika mahali pamoja kwa njia mbili.

Nitaongeza mfano mmoja wa nyumbani ili kijana asione kwamba haya ni mambo ya mbali. Jambo Bwana ya Them Mushrooms ni wimbo mwepesi ambao mtoto anaweza kuupiga, ulitolewa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na bendi iliyokuwa ikiwapigia watalii katika hoteli za pwani yetu, na mwaka 1983 Boney M. wakaurekodi kwa maneno yao. Bila shaka ni mmoja wa zile tatu ambazo wageni wake wanaomba. Je, katika bendi yake yeye kuna wimbo hata mmoja wenye jina lake?

Fundi Spika ameandika:

Mimi nitauliza la fundi: nyuzi za besi ya kijana zina umri gani? Hewa ya chumvi huku kwetu inazila nyuzi kabla mpigaji hajazizoea, na msimu wa kusi nimeona seti mpya ikipata kutu katika wiki tatu.

Hapo pia wale mabwana walitofautiana. Entwistle alitaka nyuzi mpya zinazolia kama kengele, na katika kurekodi My Generation alieleza kwamba nyuzi nyembamba za besi yake ya Danelectro zilikuwa zikikatika, na kwa kuwa Uingereza hazikuuzwa peke yake, alilazimika kununua besi nyingine nzima. Jamerson kwa upande wake aliziacha nyuzi zilezile mwaka hadi mwaka, nene na zenye uso laini, na sauti yake nzito iliyofunikwa ilitoka humo. Kwa mfuko wa bendi ya hoteli, nadhani Jamerson ndiye wa kumudu.

Kama anataka ile sauti ya kengele na hana fedha, azifungue, azikunje bila kuzivunja, azichemshe kwa maji safi kwa dakika kumi, kisha azifute na kuzianika hadi zikauke kabisa. Atapata siku chache za uhai, si zaidi.

Besi ya Langoni ameandika:

Nawashukuru nyote. Nilimsomea kijana majibu yenu kwa simu, naye alinyamaza kwa muda mrefu nilipofika kwa Darryl Jones, kisha akaniuliza kama mtu anaweza kuandikishwa mtunzi kwa kutunga besi peke yake. Nilimwambia amuulize mkuu wa bendi yake, na si mimi. Inaonekana hakuwahi kufikiri kwamba swali hilo linaweza kuulizwa.

Uamuzi wangu ni kwamba miezi sita ya kwanza atapiga zile noti nne za Mwalimu kwa dakika tano kila asubuhi, na Entwistle atamsikiliza usiku bila kumgusa. Mwalimu, ukiwa na nafasi Jumamosi mchana atakuja kwako akupigie, nawe utuambie amefika dakika ya ngapi. Ameniahidi kutobadilisha nyuzi kabla ya hapo, ingawa nilipopiga simu jana usiku nilisikia mama yake nyuma akiuliza ni nani aliyetia waya ndani ya sufuria yake ya wali.