Mjadala: Plazma inayowaka, je, tokamaki ndogo yenye uga mkali inatosha au tuisubiri ITER?

Hoja iliyopo mezani: SPARC, tokamaki (mashine ya umbo la pete inayoishikilia plazma, gesi ya joto kali mno, kwa sumaku ili viini vya atomi viungane na kutoa nishati) inayojengwa Devens, Massachusetts, ina nusu kipenyo kikuu, yaani kutoka katikati ya pete hadi katikati ya plazma, cha mita 1.85 na uga wa sumaku wa tesla 12.2. ITER, tokamaki kubwa inayojengwa kule Ufaransa, ni mita 6.2 na tesla 5.3, na imepanga kuanza kutumia deuteriamu na tritiamu, aina mbili za hidrojeni ambazo ndizo fueli ya muunganiko, mwaka 2039. Je, hiyo ndogo itatufundisha tunachokitafuta, yaani plazma inayowaka, inayojipasha joto kwa muunganiko wake yenyewe?

Mwanafizikia wa plazma: Itatufundisha. Beta, yaani uwiano wa shinikizo la plazma kwa shinikizo la uga, ikiwa ileile, nguvu ya muunganiko kwa kila mita ya ujazo hupanda kwa kipeo cha nne cha uga, yaani karibu mara 28 hapa. Wabunifu hawakuichukua yote. Wameishusha beta makusudi ili plazma ikae mbali na mipaka ya uthabiti. Huo ndio ubunifu ninaouamini.

Mhandisi wa sumaku: Hiyo bei inalipwa na chuma. Uga kwenye koili ni mkali kuliko katikati ya plazma; kwenye tesla 20 shinikizo lake ni kama megapaskali 160, zaidi ya mara 1,500 ya angahewa, na linabebwa na mguu wa ndani wa koili, pale ambapo superkondakta (kipitisho cha umeme kisicho na ukinzani), chuma na kinga ya nyutroni vinagombea sentimita zilezile. Ukiongeza kinga, unaisukuma plazma nje na mashine inakua. Tena msisahau koili ya majaribio ya 2021. Ilifika tesla 20 ikiwa kelvini 20, kwa utepe wa REBCO, aina ya superkondakta, wa kilomita 267. Baadaye umeme ulikatwa kwa makusudi koili ikiwa imejaa mkondo. Tepe zake hazina kihami kati ya mzunguko na mzunguko, kwa hiyo nishati ya megajuli 110 hivi ilimwagika humohumo ndani, joto likagawanyika vibaya, kona moja ikaungua.

Mwanafizikia wa plazma: Na ndiyo maana ya kupima koili moja kabla ya kutengeneza 18.

Mtaalamu wa daivata: Nakubali, ila mzozo wangu uko kwenye daivata, sehemu inayopokea joto linalotoka kwenye plazma, kwenye vigae vyake vya tungsteni. Uga wa poloidi, ule unaoizunguka plazma kwa njia fupi ya pete, ukipanda, ukanda wa joto linalotua hapo hunywea. Kwa SPARC unakadiriwa kuwa chini ya nusu milimita. Dawa yao ni kuuhamisha ukanda huo huku na huko juu ya vigae wakati plazma inaendelea. Kwa mpigo wa sekunde 10 inafaa. Kuhusu vigae vinavyolika saa baada ya saa, haitatuambia kitu.

Halafu tuwe wakweli kuhusu Q, yaani nguvu ya muunganiko ikigawanywa kwa nguvu ya kupasha joto inayoingizwa kutoka nje. Chembe za alfa, viini vya heliamu vinavyozaliwa na muunganiko na kubaki vikiipasha plazma joto, hubeba sehemu moja ya tano ya nishati ya muunganiko. Q ikiwa 2, kiwango ambacho lengo lililotangazwa la SPARC ni kukivuka, alfa hutoa chini ya theluthi ya joto lote. Ikiwa 5, nusu. Ikiwa 10, theluthi mbili. Makadirio ya wabunifu ni kama 11. Wakifika 5 na kuishikilia sekunde zote 10, zaidi ya mara kumi ya muda ambao plazma hiyo inahifadhi joto lake, nitaiita inayowaka. Wakiishia 2, bado tutaihitaji ITER.