Kwenda Longyearbyen: kupitia Tromsø au Oslo moja kwa moja?

Msafiri_wa_Temeke: Wakuu, habari za saa hizi. Mwezi wa tatu naenda Longyearbyen, kule Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo kaskazini kabisa, nikitokea Dar. Njia naona mbili: niunganishe Oslo moja kwa moja, au nisogee kwanza Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norway, nilale, asubuhi niruke. Kwenye ramani Tromsø ni jirani kabisa. Waliowahi kupita huko, ipi ina nafuu?

Binti_wa_Kaskazini: Mimi nasoma Tromsø. Toka hapa ni kama kilomita 960, Boeing 737 inatumia saa 1 na dakika 40 hivi. Toka Oslo ni zaidi kidogo ya kilomita 2,000, karibu saa tatu.

Fundi_Ramani: Hapo ndipo wengi wanapojichanganya. Umbali wa Oslo ni zaidi ya mara mbili, lakini muda haufiki mara mbili. Kujivuta uwanjani, kupanda na kushuka kunakula dakika zilezile uwe unaenda karibu au mbali. Gawanya 960 kwa saa 1 na dakika 40: unapata kama 575 kwa saa, wakati ndege hiyo ikishatulia angani inakimbia 800. Kwa picha ya nyumbani, Tromsø–Longyearbyen ni kama Dar–Mwanza ukiongeza kilomita mia. Na ramani ya ukutani usiiamini, kule juu inatanua nchi kama chapati.

Msafiri_wa_Temeke: Kwa hiyo kulala Tromsø ni hasara tu?

Mzee_Bandari: Angalia tiketi vizuri, mwanangu. Kuna ndege za Oslo zinazotua Tromsø njiani. Hapo mnashushwa wote, mnapanga foleni ya pasipoti, kisha mnarudi ndege ileile, kiti kilekile. Hiyo saa tatu uisahau. Foleni ipo kwa sababu Svalbard ni ya Norway lakini haimo Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja: ukienda umetoka, ukirudi unaingia upya.

Koti_Tatu: Mimi natetea Tromsø, kwa sababu ya yaliyonikuta. Tulifika juu ya Longyearbyen tukakuta ukungu. Tukazunguka, tukazunguka. Nilishafunga zipu ya koti hadi kidevuni, rubani akatangaza tunarudi. Kule hakuna uwanja mwingine mkubwa wa karibu, ndege inabeba mafuta ya kuirudisha bara. Jioni nikawa Tromsø, mezani palepale nilipokunywa kahawa asubuhi. Lakini nilikuwa na pa kulala. Jamaa wa kiti cha pili alikuwa ametokea mbali, begi lenye nguo nzito liko tumboni mwa ndege, amebaki na sweta.

Binti_wa_Kaskazini: Pole 😂 Kesho yake ulifika?

Koti_Tatu: Nilifika. Pale kwenye mkanda wa mizigo kuna dubu mweupe aliyekaushwa, amesimama juu yake. Nilimsalimia.

Fundi_Ramani: Kama Oslo unafika mchana na ndege ya moja kwa moja ipo siku hiyohiyo, mimi ningepanda hiyo. Ikikulazimu kulala, lala Tromsø.

Mzee_Bandari: Msafiri, hujasema visa yako ni ya kuingia mara ngapi.

Msafiri_wa_Temeke: Nimeitoa sasa hivi kabatini. Imeandikwa 1. Ngoja nirudi kwenye visa kwanza, tiketi itasubiri.